Upanga wa Ukutani na Msuka Wake

Wasikilizaji, sogezeni viti karibu na redio. Nanyi mnaolisoma somo hili katika karatasi iliyopigwa chapa, someni polepole, na kila mtu asome kwa zamu.

Leo tunajibu barua ya darasa la Ipuli, pale mjini Tabora. Wanafunzi wa Ipuli wanatueleza mambo mawili. Kwanza, kijana mmoja wa darasa lao ameonyeshwa upanga wa Kijapani, ule uitwao katana. Una ala nyeusi inayong'aa na mpini uliosukwa kwa utepe. Muuzaji amemwambia kwamba ni upanga halisi wa vita, uliofuliwa na bingwa, na kwa sababu hiyo anataka bei kubwa. Kijana yuko tayari kutoa fedha za tumbaku yake ya mwaka mzima ili autundike ukutani. Jambo la pili linamhusu mama mmoja wa darasa hilo hilo. Marehemu baba mkwe wake aliacha upanga wa kale ambao umeshika kutu. Vijana wa nyumba wanataka kuupiga msasa ung'ae, kisha wampelekee mtu anayenunua vitu vya kale. Darasa linauliza: tutautambuaje upanga wa kweli na upanga wa pambo?

Swali hili ni zuri, na tena ni swali la fedha na la urithi. Tulijibu taratibu.

Tuanze na majina, kwa sababu mtu asiyejua jina la kitu huuziwa kitu kingine. Tunasema upanga mmoja, panga nyingi. Tusiuchanganye na panga la kufyekea majani. Sehemu ya upanga inayokata ni makali. Ikiwa makali yako upande mmoja tu, upande wa pili huitwa mgongo. Ubavu wake ni bapa. Mwisho wa mbele ni ncha. Mfuko wake ni ala. Mahali pa kushika ni mpini. Lakini chuma hakiishii pale mpini unapoanza. Kinaendelea ndani, mahali pasipoonekana. Kipande hicho cha chuma kinachoingia mpinini huitwa msuka. Kisu kina msuka, jembe la kienyeji lina msuka, na upanga nao una msuka. Mwalimu, liandike neno hili ubaoni kwa herufi kubwa: MSUKA. Litakuwa na kazi nyingi leo.

Sasa tuseme habari za chuma chenyewe. Chuma kitupu ni laini. Ukikinoa kinapata makali, lakini makali hayo hayadumu, yanajikunja. Ili upate makali ya kudumu, chuma lazima kiingiwe na kaboni kidogo. Kaboni ndicho kitu kilichomo ndani ya makaa. Chuma chenye kaboni ya kadiri huitwa pua, au chuma cha pua. Kadiri yenyewe ni ndogo sana: katika kilo 100 za chuma cha upanga mzuri, kaboni haifiki kwa kawaida hata kilo 1. Ikizidi mno, chuma huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Ukikidondosha juu ya jiwe, kinapasuka kama chungu.

Msidhani kwamba ujuzi huu ulitoka ng'ambo peke yake. Katika nchi ya Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wahunzi walikuwa wakitoa pua katika mawe ya chuma kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mabomba ya udongo ya mivukuto yao waliyaingiza ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ikapata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walieleza ujuzi huo katika jarida la Science la Marekani, na watu wengi wa nchi za nje walishangaa. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri tena, wakaliwasha, na chuma kikapatikana.

Na huku Unyamwezini? Huku chuma kilikuwa mali hasa. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Uzinza na Usukuma yaliletwa Tabora kuuzwa. Watu walilipia mahari kwa majembe. Wapagazi waliyabeba kuelekea pwani na kununulia chakula njiani. Wahunzi wa huku walifua pia mikuki, mashoka na vichwa vya mishale. Upanga mrefu hawakuushughulikia sana, kwa kuwa vita vya porini na kazi ya kuwinda vilitaka mkuki, upinde na baadaye bunduki. Upande wa kaskazini mashariki, kwa Wamasai na Wakamba, mhunzi alifua sime, upanga mfupi wenye makali pande mbili. Mpaka siku zetu hizi wako wahunzi wanaofua sime kwa springi kuukuu za magari, na springi ni pua nzuri sana. Ukipata sime ya namna hiyo usiidharau kwa sababu haing'ai.

Basi upanga mrefu ulifikaje Tabora? Ulikuja kwa miguu, kwa njia ile ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Waarabu wa Oman na Waswahili wa pwani walifika Unyanyembe katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipoingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wamekwisha jenga matembe yao na kupanda bustani. Kazeh ndiyo Tabora ya leo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, nao ulikuwa nguo, shanga, waya wa shaba, au pembe za ndovu wakati wa kurudi. Upanga haukufungwa katika mzigo wa mpagazi. Ulining'inia begani au kiunoni mwa mwenye msafara.

Kiswahili kiliupa upanga huo majina kadhaa. Kulikuwa na upanga wa feleji, mrefu, ulionyooka, wenye makali pande mbili. Feleji maana yake ni pua bora. Kulikuwa na upanga wa imani, ulio mfupi zaidi. Kulikuwa na kitara, upanga uliopinda. Tena kulikuwa na jambia, kisu kilichopinda kinachovaliwa mbele ya tumbo. Tazameni picha za Masultani wa Unguja wa wakati ule: upanga uko mkononi au ubavuni, na jambia liko kwenye mshipi. Hawakwenda kupigana mbele ya mpiga picha. Ilikuwa alama ya cheo.

Hata huku bara upanga ulikuwa cheo kuliko silaha. Waarabu wa Tabora walipoanza kupigana na Mirambo mwaka 1871, mambo yaliamuliwa kwa bunduki na baruti. Mwenye upanga alionyesha kwamba yeye ni bwana, kwamba ana watu chini yake na mali nyuma yake. Hapa lazima tuseme jambo moja wazi. Njia hiyo haikubeba pembe na nguo tu. Ilipitisha watumwa pia, mpaka na baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873. Mtu aliyefungwa shingoni aliutazama upanga ule kwa macho mengine. Kwa hiyo, anayeutundika leo ukutani aseme pia habari hiyo watoto wanapouliza. Asiseme habari ya fedha ya mpinini peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Panga nyingi za Kiarabu za wakati ule zilikuwa na chuma kilichofuliwa Ulaya, na mji wa Solingen katika Ujerumani ulijulikana sana kwa kazi hiyo. Chuma kilisafiri kikiwa kitupu, kisha fundi wa Oman au wa pwani akakitia mpini na ala. Juu ya bapa huweza kuonekana alama, kwa mfano mbwa mwitu anayekimbia. Lakini alama hiyo iliigwa na mafundi wa nchi nyingi, hata haiwezi kuwa ushahidi peke yake. Ndiyo sababu anayejua kazi hii huomba kuuona msuka. Pale chini ya mpini hakuna aliyepapamba, hakuna aliyepang'arisha. Umbo la msuka, kutu yake na matundu ya misumari yake humwambia kama mpini ni wa kwanza au umebadilishwa, na kama chuma ni cha kale au ni cha jana.

Sasa twende Ujapani, maana huko msuka umepewa heshima kuliko mahali pengine pote.

Wazee wengi wa Tanganyika walizijua panga za Kijapani kabla hazijafika madukani. Mwaka 1944 askari wa KAR, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipigana na Wajapani huko Burma, katika Bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin. Maofisa wa Kijapani walikwenda vitani na panga, na mwaka 1945 waliposhindwa walizisalimisha. Lakini sikilizeni vizuri: nyingi za panga hizo za vita zilitengenezwa viwandani kwa mashine. Hivyo hata mtu akisema kweli kwamba upanga wake ulikuwa vitani, hajasema bado kwamba ulifuliwa na bingwa.

Upanga wa bingwa hufuliwaje? Wajapani huanza na mchanga wa chuma. Huuchoma kwa makaa katika tanuri la udongo siku tatu, usiku na mchana, na tanuri lenyewe huvunjwa ili kutoa donge la chuma. Mhunzi huchagua vipande vya pua vilivyo bora, huvipasha moto, huvipiga, huvikunja, na kuvipiga tena. Kukunja huku hutoa uchafu na kueneza kaboni sawasawa. Hapa wauzaji hupenda kutia chumvi. Husema, "Upanga huu umekunjwa mara elfu." Tufanye hesabu sisi wenyewe. Ukikunja mara moja una tabaka 2. Mara mbili, tabaka 4. Mara tatu, tabaka 8. Endeleeni ubaoni mpaka mara kumi, nanyi mtapata tabaka 1,024. Mhunzi hukunja kama mara kumi au kumi na tano tu. Zilizo elfu ni tabaka. Muuzaji huyo ama hajui hesabu, ama anatumaini kwamba ninyi hamjui.

Baadaye huja kazi ya kutia matiko, na hii ndiyo inayotisha. Matiko ni ule ugumu ambao chuma hupata kikipashwa moto mkali na kuchovywa majini. Mjapani hupaka upanga udongo kwanza: mzito upande wa mgongo, mwepesi upande wa makali. Huupasha mpaka uwe mwekundu, kisha huutosa majini kwa ghafula. Makali hupoa upesi yakawa magumu. Mgongo, uliofunikwa na udongo mzito, hupoa polepole ukabaki laini kidogo, na kwa hiyo upanga unapata makali ya kudumu bila kuwa mwepesi kuvunjika. Wakati huo huo upanga hujipinda. Sehemu kubwa ya mpindo wa katana hutoka katika maji hayo. Kama mhunzi amekosea moto, chuma hupasuka, na kazi yake yote hupotea kwa dakika moja.

Matiko huacha alama. Kati ya sehemu ngumu na sehemu laini huonekana mstari mweupe, kama ukungu wa asubuhi, unaokwenda pamoja na makali. Ukigeuza upanga kwenye mwanga, mstari huo hubadilika, na ndani yake yanaonekana mambo madogo madogo kama chembe za mchanga. Mwishowe mhunzi hukata jina lake kwenye msuka, kisha mpini hufunika jina hilo. Mpini ni wa mti, umevikwa ngozi ya samaki aitwaye taa, na juu yake utepe. Hushikwa na kijiti cha mwanzi kilichopenya kwenye tundu la msuka. Kijiti kikitolewa, mpini hutoka, na jina husomeka.

Mwaka 1876 Serikali ya Ujapani iliwakataza watu kutembea na panga, isipokuwa askari na polisi. Kazi ya wahunzi karibu ife. Hata sasa wako wachache wenye ruhusa. Kila mmoja hujifunza miaka isiyopungua mitano kwa mhunzi mwenye ruhusa, na huruhusiwa kufua panga ndefu mbili tu kwa mwezi. Mnaona basi kwa nini upanga wa namna hiyo hauwezi kuwa umerundikwa kumi kumi juu ya meza ya sokoni.

Huo wa sokoni ni nini? Mara nyingi ni pambo. Bapa lake ni la chuma kisichoshika kutu, kama cha vijiko, kilichokatwa kwa mashine. Mstari mweupe umechorwa kwa dawa kali au kwa brashi ya waya. Uko sawasawa mwanzo hadi mwisho, kama pindo la kitambaa, na ukiugeuza kwenye mwanga haubadiliki. Msuka wake ni mfupi, na mara nyingine ni kijiti chembamba chenye uzi wa parafujo, kimechomelewa nyuma ya bapa na kufungwa kwa nati. Hapo iko hatari yenyewe. Mtu akiupunga hewani kuwafurahisha wageni, mahali palipochomelewa panaweza kukatika, na chuma kikaruka. Mpini utabaki mkononi. Chuma hatujui kitamwangukia mtoto wa nani.

Kijana wa Ipuli, fanya hivi. Mwombe muuzaji akuonyeshe msuka. Kama upanga ni wa bingwa, kijiti cha mwanzi kitatolewa na msuka utaonekana: mpana, mrefu, mweusi kwa kutu ya zamani kama ni wa kale. Akikataa, au akisema mpini haufunguki kabisa, umpe bei ya pambo au urudi nyumbani na fedha zako. Si kosa kununua pambo. Ukutani litapendeza, na wageni watalisifu. Kosa ni kutoa tumbaku ya mwaka mzima kwa kitu cha siku moja ya mashine. Na ukilinunua, lifunge ukutani kwa misumari imara, juu, mbali na watoto, wala usilipunge kamwe.

Nawe mama, wazuie vijana na msasa wao leo hii. Msasa hula alama, hula maandishi, hula umri wa chuma, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Wasiupake ndimu wala majivu. Wasiunoe. Wasiuguse msuka hata kidogo, maana kutu ile iliyotulia pale ndiyo kitabu chake. Chukua kitambaa laini na kikavu, futa vumbi, kisha paka mafuta ya cherehani kwa wepesi. (Wajapani huyatia mafuta yao harufu ya karafuu. Karafuu hiyo hiyo ya pilau.) Usiushike chuma kwa vidole vyenye jasho. Kama ala ni ya ngozi, usiuache upanga ndani yake wakati wa masika. Ngozi hushika unyevu, na unyevu huita kutu mpya. Weka upanga kando na ala yake, vyote viwili mahali pakavu.

Tena usiuze kwa mpita njia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale, na inakataza kuvitoa nje ya nchi bila kibali cha Serikali. Mnunuzi anayesema, "Nipe upesi, usimwambie mtu," ana sababu yake ya kusema hivyo. Kilometa chache nje ya mji wa Tabora liko tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho. Nendeni kule mkaulize kabla ya kuuza chochote. Swali halina malipo.

Tena iko kazi ambayo wewe mama unaiweza sasa, na mwaka jana hukuiweza, kwa sababu sasa unajua kuandika. Wako wazee waliomjua baba mkwe wako. Waulize upanga ulitoka kwa nani, aliupata wapi, aliulipia nini, aliuvaa siku zipi. Andika majina yao na tarehe uliyowauliza. Andika kila uliloambiwa, hata kama wazee wawili hawakubaliani; usichague wewe. Karatasi hiyo usiibandike juu ya chuma. Itie katika bahasha, iweke pamoja na upanga. Upanga usio na habari ni chuma kizee tu, na mnunuzi atakupa bei ya chuma kizee.

Sasa kazi ya darasa. Mwanafunzi mmoja alete jembe au kisu kuukuu kilichochomoka mpinini. Wekeni mezani. Kila mtu atazame msuka wake: ni mrefu au mfupi? Umechongoka au ni mpana? Una tundu? Una alama ya nyundo? Pimeni kwa rula, andikeni urefu kwa sentimeta. Kisha kila mtu aandike sentensi tatu kuhusu alichokiona, akitumia maneno haya: msuka, mpini, bapa, makali, matiko. Mwalimu atasahihisha. Wale watakaomaliza mapema waendelee na hesabu ya kukunja chuma kutoka mara kumi mpaka mara kumi na tano, na majibu yao tuyaletewe kwa barua.